Habari za Shule ya Kabaa na Mang'u, na za Wale Waliolipa Karo

Wanachama wetu, pamoja nanyi nyote mnaokisoma kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, ni desturi yetu kuweka kurasa chache za historia baada ya hesabu za mtunza hazina. Mara hii tumechagua habari za shule moja ya wavulana iliyoanzishwa na mapadre wa Kikatoliki huko Kabaa, kisha ikakua huko Mang'u. Sababu ya kuichagua ni swali lililoulizwa katika mkutano mkuu: je, chama cha kusaidiana, ambacho kazi yake ya asili ni kuzika wafu, kuwatazama wagonjwa na kumpokea mgeni aliyeingia mjini bila ndugu, kina haki gani ya kutoa fedha nyingi namna ile kwa karo za vijana wa sekondari, ambao wengine wao si watoto wa wanachama? Swali hili ni la haki, na aliyeliuliza hakukosa adabu. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi tumeona afadhali kuyaeleza yaliyotukia.

Hapana budi tuanze na neno moja. Katika lugha ya Kikuyu, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, maana yake wasomaji. Huko Uganda vilevile walioingia dini waliitwa wasomaji. Watu wa vijiji hawakutofautisha baina ya mtu aliyebatizwa na mtu aliyejua kusoma, na kwa kweli hawakukosea, kwani mmisionari hakumbatiza kijana mpaka amefundishwa katekisimu, na katekisimu ilifundishwa kwa kitabu na ubao. Basi shule haikuja nyuma ya kanisa kama mtoto amfuatavyo mama yake. Vilifika pamoja, na mara nyingi vilikaa chini ya paa moja: Jumapili jengo lilikuwa kanisa, na Jumatatu likawa darasa.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Bagamoyo tangu mwaka wa 1868. Kutoka pwani walipanda taratibu kuelekea bara, na mwaka wa 1899 wakafungua misheni ya St. Austin's karibu na Nairobi, mji ambao wakati huo ulikuwa kambi ya reli tu. Kutoka hapo walienea Kiambu na Ukambani. Nchi ya Nyeri iliangukia mikononi mwa mapadre wa Consolata kutoka Italia, waliofika mwaka wa 1902, na upande wa Ziwa ukawa wa mapadre wa Mill Hill, walioanza Kisumu mwaka wa 1903. Tunaitaja migawanyo hii kwa sababu vijana wa Kikatoliki wa Kenya walitoka katika bustani tatu zenye watunzaji mbalimbali, na shule tunayoieleza ndiyo iliyowakusanya wengi wao mahali pamoja.

Kwa muda mrefu elimu iliyotolewa ilikuwa kidogo. Mmisionari alihitaji katekista wa kumsaidia, seremala, mwashi na mpishi. Serikali ya kikoloni ilihitaji karani na mkalimani. Mlowezi hakuhitaji hata hao, bali alitaka watu wa kuvuna. Mwaka wa 1924 ilifika tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuchungua elimu ya Waafrika katika Afrika ya Mashariki, na ndani yake alikuwamo Mwafrika, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Watu wa Kenya walimwona kwa macho yao mtu mweusi mwenye elimu ya juu akikaa meza moja na Wazungu, na twaamini kwamba jambo hilo liliwafunza zaidi ya ripoti yote ya tume. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1925 mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha shule yao Kabaa, na mwaka wa 1926 misheni za Kiprotestanti zilizoungana zikafungua Alliance High School huko Kikuyu. Ushindani wa shule hizi mbili haujaisha hata leo, na wanachama wetu wenye watoto pande zote mbili hawahitaji kuelezwa.

Kabaa iko upande wa Machakos, karibu na Mto Athi, katika nchi ya jua kali na mvua haba. Si mahali ambapo mtu angepachagua kwa ajili ya starehe. Aliyeiongoza shule hiyo tangu mwanzo alikuwa Padre Michael Witte, na jina lake halitenganiki na Kabaa. Yeye na wenzake walikuwa na nia iliyo wazi kabisa: walitaka Wakatoliki Waafrika watakaokuwa waalimu, na wengine miongoni mwao mapadre, ili kanisa lipate wenyeji wa kulisimamisha. Hawakuficha nia hiyo. Tusiwasifu kwa jambo ambalo hawakulikusudia, yaani kuwaandaa mawaziri wa serikali huru. Hilo lilikuja lenyewe, na baadhi yao huenda lilipofika liliwashangaza.

Miaka mitatu baadaye yalitokea mambo huko Dar es Salaam ambayo kila mtu mwenye mtoto katika shule ya Kikatoliki yampasa kuyajua. Baba Mtakatifu alikuwa amemtuma mjumbe wake, Monsinyori Arthur Hinsley, Mwingereza, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Westminster na kisha Kardinali, kuzizungukia nchi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza. Mwaka wa 1928 alikutana na maaskofu na wakuu wa misheni mjini humo, akawaambia neno zito. Aliwataka washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote katika kazi ya shule. Na pale ambapo fedha na watu havitoshi kwa mahubiri na kwa shule pamoja, wayaache makanisa yao yangoje kwanza ili shule zikamilike.

Hebu tufikiri maana ya neno hilo. Mapadre wengi walikuwa wametoka Ulaya kwa ajili ya kuhubiri na kutoa sakramenti, si kusahihisha hesabu za sehemu. Wako walionung'unika. Lakini Hinsley aliona mbele. Serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku kwa shule zilizofikia kipimo chake, na misheni ambayo shule zake zingebaki za katekisimu tupu ingewapoteza vijana wake, ama kwa Waprotestanti, ama kwa shule zisizo na dini yoyote. Kwa hiyo mwenye kulalamika kwamba shule za mapadre zilipenda mno mitihani na akumbuke kwamba amri ilitoka juu.

Siku ya mwanafunzi katika shule za namna hii ilianza kwa kengele kabla ya jua, ikafuata Misa, kisha chai au uji, kisha masomo. Mchana palikuwa na kazi za mikono: jembe, ufagio, maji ya kuteka, mawe ya kujengea. Jioni mpira, rozari, masomo ya usiku, na kimya. Lugha ya masomo ya juu ilikuwa Kiingereza, na lugha ya Misa ilikuwa Kilatini, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka wa 1962 na 1965, ulipofungua mlango wa lugha za wenyeji. Kijana wa Kikamba au wa Kijaluo aliyeingia humo alikutana na lugha mbili za kigeni kwa pamoja, na Kiswahili cha kusemezana na mwenzake aliyetoka mbali.

Watu huuliza: je, sala hizo zilisaidia nini katika mitihani? Sisi hatusemi kwamba Mungu huwapendelea watahiniwa wa Kikatoliki. Lakini twaona jambo moja. Mvulana aliyezoea kuamka kwa kengele, kukaa kimya saa ya kimya, kuichunguza nafsi yake kila jioni na kwenda kuungama makosa yake bila kutafuta wa kumsingizia, ana mazoea ambayo kitabu cha jiografia hakiwezi kumpa. Wito wa Mang'u mpaka leo ni maneno mawili ya Kiswahili: Jishinde Ushinde. Yafaa kutazamwa, maana shule yenyewe ilifundisha kwa Kiingereza na kusali kwa Kilatini, lakini neno lake la kujitambulisha limo katika lugha ya sokoni na barabarani, ambayo kila mzazi aliielewa bila mkalimani. Na ni neno la dini ingawa halimtaji Mungu, kwani vita vya kwanza vinavyotajwa humo ni vya mtu na nafsi yake. Utawala wa kikoloni ulipendezwa sana na kijana anayejizuia, ukidhani kwamba anayejizuia atatawaliwa kwa urahisi. Haukufikiri sana juu ya nusu ya pili.

Kufikia mwaka wa 1940 shule ya sekondari ilikuwa imehamishwa kutoka Kabaa hadi Mang'u, katika nchi ya Kiambu si mbali na Thika, ikaitwa Holy Ghost College. Huko palikuwa na misheni tangu zamani, na ardhi yenye maji na rutuba. Kabaa haikufa. Iliendelea kuwa shule, na hata sasa ni shule ya sekondari ya wavulana. Wazee husema kwamba hizi ni shule pacha, na sisi twakubali, ila pacha mmoja alipata jina kubwa kuliko mwenziwe.

Katika miaka hiyo shule za sekondari za Waafrika katika Kenya nzima zilihesabika kwa vidole: Alliance, Mang'u, Maseno ya Waanglikana, na St. Mary's Yala ya mapadre wa Mill Hill. Nchi nzima! Wala tusisahau kwamba mapadre walewale wa Roho Mtakatifu walifungua shule nyingine Nairobi mwaka wa 1939, iitwayo pia St. Mary's, lakini hiyo ilikuwa kwa wavulana wa Kizungu. Misa ilikuwa moja, Kilatini kilikuwa kimoja, lakini madawati yalikuwa mbalimbali. Twalisema hili bila uchungu, kwa sababu historia iliyoacha jambo hili nje haitakuwa kamili, na kwa sababu shule hiyo baadaye ilifungua milango yake kwa watoto wa rangi zote.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu, yaani chekeche. Mtoto wa Kiafrika alipita katika machekeche matatu au manne kabla ya kuitwa msomi. La kwanza lilikuwa mtihani wa mwisho wa shule ya primari. La pili lilikuwa mtihani wa shule za sekondari za Waafrika, uliofanywa baada ya miaka miwili. La tatu lilikuwa Cheti cha Cambridge, baada ya miaka mingine miwili, na hapo ndipo mlango wa Makerere ulipofunguka. Ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilizidi kulithibitisha umbo hilo, pana chini na jembamba juu kama kichuguu, na Waafrika wengi waliichukia kwa sababu hiyo. Lakini palikuwa na chekeche jingine ambalo halikuandikwa katika ripoti yoyote, nalo lilikuwa karo. Chekeche hili halikuuliza kijana anajua nini. Liliuliza baba yake analipwa nini.

Tumtazame kijana mmoja ambaye jina lake linajulikana na wote. Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge la mlowezi, ambako baba yake, Leonard Ndiege, Mjaluo wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Kabaa haikuwa mbali na Kilima Mbogo, na mtoto huyo alipelekwa huko kwa mapadre akiwa mdogo bado. Kwa kukua kati ya Wakamba alikijua Kikamba kama lugha yake ya nyumbani. Baadaye alipelekwa Yala, na mwaka wa 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u. Mwaka wa 1947 aliufanya mtihani wa miaka miwili na akaufaulu. Iliyobaki ilikuwa miaka miwili tu ya kuufikia mtihani wa Cambridge.

Hakuifikia. Mshahara wa nyapara haukutosha, na nyumbani walikuwako wadogo zake waliotaka kusoma pia. Mwaka wa 1948 aliingia katika mafunzo ya maofisa wa afya, ambayo hayakumdai karo, na mwaka wa 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Mji wa Nairobi kukagua maduka na mifereji. Sisi makarani twaifahamu vizuri njia hiyo. Vijana wangapi wenye akili waliingia katika ofisi, polisi, reli na hospitali, si kwa wito, bali kwa sababu huko mtu alilipwa akiwa anajifunza?

Mwaka huohuo wa 1947 ambao Mboya alikuwa akimaliza, aliingia Mang'u mvulana mwingine kutoka Nyeri, Mwai Kibaki. Huyu alizaliwa mwaka wa 1931 katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, kitinda mimba wa watoto wanane wa mkulima. Wamisionari wa Kiitalia walimbatiza Emilio Stanley. Alikuwa akichunga mbuzi na ng'ombe na kuwalea watoto wa dada yake, na angeendelea hivyo, ila shemeji yake alishikilia kwamba mtoto huyu apelekwe shule. Tunawaomba wasomaji wasilipite neno hilo upesi. Aliyeifungua njia ile hakuwa padre wala mkuu wa wilaya, bali mume wa dada. Kijana alisoma Karima, kisha Mathari kwa mapadre wa Consolata, ambako pamoja na vitabu alijifunza useremala na uashi, na wakati wa likizo alifanya kazi ya ukondakta katika mabasi ya chama cha Waafrika wa Othaya. Basi mtu aliyepanda basi hilo na kununua tikiti huenda hakujua kwamba senti zake zilikatwa na msomi wa kesho.

Kibaki alikaa Mang'u miaka yote minne, hadi mwaka wa 1950, akaufanya mtihani wa Cambridge na kufaulu vizuri kabisa. Inasemekana alifikiria kuingia jeshini, lakini wakati huo serikali ilikataza kuwaandika Wakikuyu, Waembu na Wameru. Akaenda Makerere, ambako mwaka wa 1955 alipata shahada ya daraja la kwanza katika elimu ya uchumi, kisha akapewa msaada wa masomo kwenda London.

Vijana wawili, shule moja, dini moja, mwaka mmoja wa kukutana. Mmoja alitoka kwa kukosa karo ya miaka miwili, mwingine akafika mwisho. Hatusemi kwamba mmoja alikuwa na akili kuliko mwenziwe. Hata mwenye kutaka kulitetea jambo hilo atashindwa akiyatazama mambo waliyoyafanya baadaye.

Kabla hatujaendelea, ni haki tumtaje wa tatu, la sivyo msomaji atadhani kwamba Mang'u ilizaa wanasiasa peke yao na kwamba mapadre walishindwa katika nia yao ya kwanza. Maurice Otunga, mwana wa Chifu Sudi wa Wabukusu, alizaliwa mwaka wa 1923 na kubatizwa mwaka wa 1935. Naye alipita Mang'u kabla ya kwenda seminari Uganda na kisha Roma, ambako alipewa upadre mwaka wa 1950. Angeweza kurithi uchifu wa baba yake, lakini hakuutaka. Mwaka wa 1971 alichukua kiti cha Askofu Mkuu wa Nairobi kutoka kwa John Joseph McCarthy, Mwairishi wa Shirika lilelile la Roho Mtakatifu lililomsomesha. Hivyo aliyekuwa mwanafunzi alipokea fimbo ya uchungaji mkononi mwa shirika la waalimu wake. Mwaka wa 1973 alifanywa Kardinali, wa kwanza katika Kenya. Alifariki mwaka wa 2003, na Kanisa limeanza kuchunguza maisha yake ili huenda atangazwe mtakatifu.

Turudi kwa yule aliyetoka kabla ya wakati. Mboya alijiunga na vyama vya wafanyakazi, akasoma mwaka mmoja Ruskin College huko Oxford, mwaka wa 1955 hadi 1956, na mwaka wa 1957 akachaguliwa na watu wa Nairobi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuwachagua wajumbe wao. Mjaluo huyu alipita katika mji uliojaa watu wa makabila mengine. Lugha alizozipata Kilima Mbogo, Kabaa na Mang'u hazikumdhuru.

Jambo alilolifanya baada ya hapo ndilo linalotuhusu. Makerere ilipokea vijana wachache tu kutoka Kenya kila mwaka, na waliobaki nje walikuwa wengi. Mboya alikwenda Marekani, akaomba nafasi katika vyuo na msaada wa nauli. Wako Wamarekani weusi mashuhuri waliomsaidia, kama Harry Belafonte mwimbaji na Jackie Robinson mchezaji. Mwezi wa Septemba 1959 ndege moja iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata serikali za nchi kubwa ziliposita kulipa, jamaa ya John F. Kennedy, ambaye alikuwa akigombea urais, ilitoa dola 100,000 kutoka katika mfuko wake. Kufikia mwaka wa 1963 vijana karibu 800 wa Afrika ya Mashariki na nchi za jirani walikuwa wamesafiri kwa mpango huo.

Lakini nauli si kila kitu. Mwanafunzi alihitaji koti la baridi, fedha za mfukoni na sehemu ya ada ya chuo. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karamu za chai vijijini, kwenye ng'ombe waliouzwa, kwenye vyama vya ukoo na vyama vya kusaidiana vya mjini, ambavyo daftari zake zilikuwa na majina ya wapishi, madobi, makarani na matopasi. Mwenye kutoa shilingi tano hakujua kama kijana yule atarudi, wala hakuandikiwa hati ya deni. Twaona kwamba yule aliyekosa karo ya miaka miwili Mang'u alielewa kuliko mtu yeyote maana ya kijana kusimama mlangoni akiwa na cheti mkononi na mfuko mtupu.

Mwaka wa 1960 chama cha KANU kilipoundwa, Mboya alikuwa Katibu Mkuu wake, na Kibaki akaacha kufundisha Makerere akaja kuwa ofisa mtendaji wa chama hichohicho. Wavulana wa Mang'u wakakutana tena, mara hii bila kengele. Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa hajatimiza miaka 39, akazikwa Rusinga.

Baada ya uhuru hali ya shule za misheni ilibadilika. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilitaka elimu iwe ya taifa zima, isiyogawanya watu kwa rangi wala kwa dini. Mwaka wa 1967 ikaundwa tume moja ya kuwaajiri waalimu wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 ikaifanya serikali kuwa mwenye shule, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili: yenye haki ya kulinda desturi ya dini katika shule walizozianzisha, lakini si ya kumwajiri wala kumfukuza mwalimu. Wako mapadre walioona wamenyang'anywa watoto wao. Sisi twaona kwamba haikuwezekana serikali ilipe mishahara yote na isiwe na sauti. Hata hivyo tusidharau kilichobaki. Mang'u ilihamia mahali pake pa sasa karibu na Thika, kando ya barabara ya Garissa, ikawa shule ya taifa yenye wavulana wa kila wilaya na kila madhehebu, hata masomo ya urubani na ufundi wa ndege yakaingia humo; na Misa ikaendelea kusomwa.

Tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki aliapishwa kuwa Rais wa tatu wa Kenya, na katika serikali yake Moody Awori, ambaye naye alisoma Mang'u, akawa Makamu wa Rais mwaka uliofuata. Mwezi wa Januari 2003 ada za shule za msingi zilifutwa, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaja kuandikwa. Mwaka wa 2004 alikuja hata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye miaka 84, akavaa sare na soksi ndefu akaketi darasa la kwanza, akieleza kwamba anataka kuisoma Biblia mwenyewe. Neno athomi halikuwa limechakaa.

Kwa sekondari ilingojwa mpaka mwaka wa 2008, serikali ilipoanza kulipa gharama ya mafundisho kwa kila mwanafunzi wa shule za umma. Gharama ya bweni iliachwa kwa wazazi, na shule kama Mang'u na Kabaa ni za bweni. Kijana aliyeitwa huko hupewa barua ya kujiunga, na pamoja na barua huja orodha: ada ya bweni na chakula, sare, viatu vyeusi jozi mbili, godoro, blanketi, sanduku la bati na kufuli yake. Orodha za namna hiyo ndizo anazoletewa mtunza hazina wetu, na jumla yake mwanachama ataiona katika ukurasa wa hesabu, chini ya jumla ya mazishi.